Re: Binti mwenye MS anarudi Kigoma, apate wapi wenzake?

Kutoka: Leicester
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Familia moja ya Mwanga, Kigoma, inauliza. Binti yao wa miaka 26 alikutwa na MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva) akiwa masomoni Uingereza, anajichoma sindano za glatirama za kupunguza mashambulizi, na mwezi ujao anarudi nyumbani. Huku ana wasichana wenzake wa kuongea nao. Kule je? Na dawa itafikaje?

Kutoka: Birmingham
Dada, dawa kwanza. Glatirama hukaa nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji huvumilia mwezi mmoja joto lisipozidi nyuzi 25, na Kigoma mchana hupita hapo. Kwenye ndege aibebe mkononi pamoja na barua ya daktari. Watu huogopa joto tu, wanapanga sindano juu ya barafu, zinaganda. Iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Barafu ifungwe taulo, sindano zibaki ndani ya katoni yake. Nyumbani, rafu ya katikati ya friji.

Akipitia Nairobi au Addis Ababa akakaa zaidi ya saa 12, anaweza kudaiwa kadi ya homa ya manjano. Chanjo ile ni ya virusi hai, kwa hiyo amuulize daktari wake wa neva mapema. Isipomfaa, aombe barua ya msamaha.

Kutoka: Isevya, Tabora
Mwangaluka. Huku jambo kubwa ni homa. Neva iliyovuliwa utando wake hupitisha ujumbe kwa shida, joto kidogo tu linaukatisha. Ndiyo maana malaria ikipanda, jicho lililowahi kufifia hufifia tena, na mguu huburuta. Si lazima liwe shambulio jipya. Shambulio ni dalili inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Apimwe malaria na mkojo kwanza, ndipo steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva, izungumzwe. Steroidi ikitangulia, maambukizi yaliyojificha yanaweza kuchachamaa.

Tabora mwezi wa 10 hewa ni kavu, khanga iliyoloweshwa maji ya mtungi ikifungwa shingoni inapoza kweli. Kigoma wakati wa mvua khanga haikauki, basi haipozi. Hapo ni feni na maji ya baridi, kidogo kidogo.

Kutoka: Leicester
Ahsanteni sana. Kuhusu wenzake: wanne watano wanatosha, hata wakiwa nchi tofauti. Shirikisho la kimataifa la MS lina orodha ya vyama vya nchi kwenye tovuti yake. Daktari wa neva Muhimbili hawezi kumpa namba za wagonjwa wengine, ila anaweza kuwapa wao namba ya binti, binti mwenyewe akiridhia.

Watumiane sauti, si maandishi, kwa sababu macho na vidole huchoka. Sauti isizidi dakika mbili. Simu ya pamoja saa 2 usiku ya Kigoma. Uingereza ni saa 11 au 12 jioni kutegemea majira. Mama na shangazi wawe na kundi lao, maana mambo ya kibofu na ya ndoa binti hatayasema mbele yao. Na wasigawane dawa kabisa.

Kutoka: Birmingham
Niongeze la uzazi. MS haizuii mimba, ila dawa nyingine za MS kama terifulunomaidi lazima itolewe mwilini kwanza. Mashambulizi hupungua miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha huongezeka miezi mitatu baada ya kujifungua. Kwetu wasaidizi huondoka arobaini ikiisha. Wenzake wamkumbushe mapema apange mtu wa kubaki naye hadi mtoto afikishe miezi mitatu.