Asili ya *halmaz, neno la Proto-Kigermaniki lenye maana ya bua

Mwanafunzi wa Isimu:
Kamusi za etimolojia hueleza kwamba neno la Kijerumani Halm, yaani bua la nafaka, limetokana na *halmaz la Proto-Kigermaniki, lugha ya kale iliyozaa Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi na Kiingereza (nyota huonyesha umbo lililokisiwa na wanaisimu, si lililopatikana katika maandishi). Kilatini nacho kina calamus, lenye maana ya tete. Je, haiwezekani kwamba Wajerumani wa kale walilikopa kwa Warumi, kama walivyokopa maneno mengine mengi?

Msomaji wa Kamusi:
Haiwezekani, na ushahidi umo katika konsonanti ya kwanza. Maneno yaliyokopwa kutoka Kilatini yalibaki na k: calx, yaani chokaa, likawa Kalk, na Caesar likawa Kaiser. Halm, kinyume chake, huanza kwa h katika Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi na hata Kiingereza cha Kale (healm), na h hiyo ndiyo inayotarajiwa pale ambapo k ya lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale zaidi iliyozaa Kigermaniki, Kilatini, Kigiriki na Kirusi, imerithiwa, kwa mujibu wa kanuni ambayo Rasmus Rask aliieleza mwaka 1818 na Jacob Grimm akaipanga kwa ukamilifu zaidi mwaka 1822. Isitoshe, calamus lenyewe ni la mkopo, kutoka kálamos la Kigiriki. Neno ambalo Kilatini kililirithi ni culmus, na hilo ndilo ndugu wa Halm.

Mkalimani:
Msisahau upande wa mashariki: Kirusi kina soloma na Kilatvia salms. K ya asili ilitamkwa karibu na kaakaa gumu, nayo huko ikalainika kuwa s. Neno la mia hufuata mkondo uo huo: centum kwa Kilatini, hundert kwa Kijerumani, sto kwa Kirusi.

Mwanafunzi wa Isimu:
Nashukuru. Basi kalamu yetu nayo ni ya ukoo huu?

Msomaji wa Kamusi:
Ndiyo, ila kwa mkopo. Matete yalichongwa yakawa vifaa vya kuandikia, hivyo kálamos likaingia katika Kiarabu kama qalam, nasi tukalipokea huko. Kwa kuwa halikupitia mabadiliko ya Kigermaniki, halikupata h. Kinachobishaniwa hadi leo ni a ya kwanza ya Kigiriki: wapo wanaoshikilia kwamba ilikuwa o iliyofananishwa na a ya silabi ya pili, na wapo wanaoona kwamba mzizi wenyewe haukuwa na irabu mahali hapo. Mimi naegemea rai ya kwanza, kwa sababu a ya *halmaz nayo hutokana na o.