Fremu ya kaboni kwa mbio za milimani: mpya ya Kichina, F-Si ya mtumba au Epic HT iliyotumika?

Kijana wa Goba

Wakuu, heshima kwenu. Misimu miwili nimekimbia na baiskeli ya aluminiamu, nimejikusanya, sasa nataka fremu ya kaboni. Haditeli, shokapu ya mbele peke yake, ringi 29. Nina kilo 68, urefu sentimita 176. Katikati ya wiki napanda Goba hadi Madale, Jumapili Pugu na Kisarawe, na nikipata nauli naenda Morogoro kupanda Uluguru.

Nimebaki na tatu. Kuna fremu mpya ya Kichina isiyo na chapa, muuzaji ameandika gramu 1,050. Kuna Cannondale F-Si ya 2017, mtumba wa Ulaya, inakuja na Lefty, foki yake ya mguu mmoja. Halafu kuna Specialized Epic HT ya 2021, iliyotumika, iko Dubai kwa mtu anayefahamiana na binamu yangu, bei yake karibu mara mbili ya ile ya Kichina. Foki, magurudumu na krenki nitahamisha kutoka baiskeli ya sasa: habu ya nyuma ni Boost, yaani upana wa milimita 148, krenki ni Shimano ya ekseli ya milimita 24. Nyie mngechukua ipi?

Fundi Vikombe

Kaka, umenifurahisha kutaja habu na krenki. Wengi wanakuja na gramu tu, halafu fremu ikifika ndiyo tunaanza kuhangaika.

F-Si iondoe mezani leo. Si fremu mbaya, ni nyepesi na inapanda vizuri sana, ila haiendani na ulivyonavyo. Cannondale waliisogeza sehemu ya nyuma milimita 6 kwenda kulia, kwa hiyo gurudumu lolote la kawaida lazima spoksi zikazwe upya ringi ihame. Ekseli yake ya nyuma kwa mwaka huo ni 142, yako ni 148. Lefty ina mguu mmoja wa kushoto na inataka habu yake ya mbele. Krenki nayo inataka adapta. Yaani katika vitu vitatu ulivyotaka kuhamisha, hakuna hata kimoja kitakachoingia kirahisi.

Kwa zile mbili zilizobaki, swali langu la kwanza ni vikombe vya krenki, vile vinavyobeba beringi zake ndani ya fremu. Epic HT inafungwa kwa nyuzi, BSA ya milimita 73. Unafungua kwa spana, unasafisha, unarudisha, hata ukiwa gesti Morogoro usiku wa kuamkia mbio. Hiyo ya Kichina muulize muuzaji: ni ya nyuzi au ni PF92 ya kugongea? Ya kugongea inategemea tundu la fremu liwe milimita 41 kamili na liwe duara. Mwaka jana baada ya masika nililetewa fremu inalia kwa kila pedeli, kwaa, kwaa, mwenyewe ameshabadilisha beringi mara tatu. Nilipima kwa vernia: upande wa cheni 41.0, upande wa pili 41.2. Hapo beringi mpya haisaidii, kosa liko kwenye fremu yenyewe.

Mdau wa Tabata

Fundi nakuheshimu, lakini usiwatishe watu na Mchina. Ninayo ya kwangu mwaka wa tatu huu, ya nyuzi, haijawahi kulia. Niliyafanya mambo mawili kabla ya kulipa. Niliomba picha ya ndani ya tundu la krenki, na nilihakikisha hanga, kile kipande kinachoshika gia ya nyuma, ni UDH, yaani ya aina moja kwa fremu nyingi. Hilo la hanga watu wanalipuuza. SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, waliileta mwaka 2019, sasa chapa nyingi zinatumia hanga ile ile moja. Ukianguka ikapinda, unapata nyingine. Fremu yenye hanga ya kwake peke yake ikivunjika, unakaa nyumbani wiki sita ukisubiri kipande cha bati ukubwa wa kidole gumba.

Kijana, ukichukua yoyote isiyo na UDH, nunua hanga mbili za akiba siku hiyo hiyo. Epic ya mwaka huo, omba picha ya hanga uhakikishe.

Dada wa Kigamboni

Mimi naomba niongelee chumvi, maana hapa kila mtu anajadili kama vile tunaishi Uswisi.

Kaboni haishiki kutu, hilo kweli. Lakini aluminiamu ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa. Mimi nafanya mazoezi njia ya Kimbiji, kushoto bahari. Fremu yangu ya kwanza ya kaboni niliiwekea posti ya siti ya aluminiamu, nikaikaza, nikaisahau miezi minane. Siku nataka kuishusha, haikutoka. Tulimwagia mafuta, tukasubiri siku mbili, tukabana posti kwenye jiliwa na watu wawili wakazungusha fremu. Ilitoka na unga mweupe kama wa ngano, na ukingo wa juu wa fremu ulishapata ufa. Niliililia ile fremu.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi natoa posti, nafuta, napaka ile pesti ya kaboni yenye chembechembe. Grisi hapana, posti itateleza, utakaza zaidi, utapasua. Na nakaza kwa spana ya kipimo cha nguvu, namba iliyoandikwa kwenye kibanio, kwangu ni Nm 5 (nyutonimita tano). Mkono wa fundi hauijui Nm 5, hata awe na miaka thelathini kazini.

Kingine, nafasi ya tairi. Kwenye mchanga wa huku bila tairi ya inchi 2.35 unasukuma baiskeli kwa mguu. Na tope la Pugu mvua ikinyesha, lile jeupe la kaolini, linakaba nyuma mpaka gurudumu linagoma. Uliza upana wa tairi unaoruhusiwa, kisha ubakishe nafasi.

Mzee wa Kisarawe

Wanangu, poleni na kazi. Nimesoma yote.

Kijana hukutaja sana uzito lakini najua unakusumbua, kwa hiyo tupige hesabu. Fremu za S-Works, daraja la juu kabisa la Epic HT, ni chini ya gramu 800, hizo ndizo zinazosifiwa. Za daraja la chini yake ni nzito zaidi, na sidhani unayoletewa ni S-Works kwa bei hiyo. Hata tukisema tofauti na ya Kichina inafika gramu 250, ni kidogo. Wewe na baiskeli na maji ni kilo 80. Mlima wa dakika 20 utaokoa sekunde nne hivi. Sekunde nne unazipoteza ukibabaika kwenye kona moja ya kushuka.

Mimi ningeangalia kushuka. Haditeli za mbio za zamani zilikuwa na pembe ya usukani ya digrii 70 au 71, ukishuka Uluguru kwenye mawe unahisi utapinduka kwa mbele. Epic HT hii ni 68.5. Digrii mbili hizo zinakupa utulivu, unaachia breki mahali ambapo mwenzako amezishika. Muulize Mchina namba hiyo. Akisema 71, fremu hiyo ni ya mawazo ya zamani hata kama imetoka kiwandani jana.

Na kuna watakaokwambia haditeli imepitwa. Mfaransa Absalon alichukua dhahabu ya Olimpiki 2004 na 2008 juu ya haditeli, kisha 2012 London Mcheki Kulhavý akashinda na shokapu mbele na nyuma, na dunia ikaelekea huko. Lakini njia za mbio hizo ni za mawe na mizizi mwanzo mwisho. Zetu ni vumbi, mchanga na vilima virefu. Na kila beringi ya nyuma usiyokuwa nayo ni beringi ambayo masika haitaila.

Kijana wa Goba

Shikamoo mzee, na asanteni wote. F-Si nimeiacha. Muuzaji wa Kichina amejibu sasa hivi: PF92, pembe 70, hanga ya kwake. Dada, habari ya posti imenishtua, yangu ni ya aluminiamu na sijaitoa tangu Pasaka.

Basi Epic. Ila naogopa, ni mtumba na mimi siioni. Binamu si mtu wa baiskeli. Atajuaje kama imepasuka?

Fundi Vikombe

Mpe sarafu. Hapa natumia ya shilingi mia mbili, huko atumie dirham. Agonge taratibu sentimita mbili mbili. Kaboni nzima inatoa mlio mkavu, tik tik tik. Ikifika mahali nyuzi zimeachana ndani, mlio unazama, tup. Unene unabadilika karibu na maungio, kwa hiyo mlio utabadilika kidogo, asishtuke. Alinganishe kulia na kushoto. Agonge chini ya bomba la chini ambako mawe yanarukia, bomba la nyuma upande wa cheni, mahali breki inaposhikilia, na sentimita kumi za juu za bomba la siti. Kabla ya hapo aifute iwe safi, apitishe tochi kwa ubavu, si kwa mbele. Rangi iliyochubuka ni kitu kimoja, mstari unaopita chini ya rangi ni kitu kingine. Arekodi video yenye sauti.

Mdau wa Tabata

Na adai risiti yenye namba ya fremu. Forodha watataka bei halisi, na fremu isiyo na karatasi huwezi kujua ilitoka kwa nani.

Kijana wa Goba

Nimempigia. Anaenda Ijumaa baada ya kazi. Nimemchorea fremu kwenye karatasi, nimeweka alama za kugonga kumi na nne, nikampigia picha. Video ikifika naiweka hapa, fundi naomba usikilize kwa spika za masikioni.

Dada wa Kigamboni

Mwambie kabla ya kutoa sarafu atoe posti ya siti kwanza. Isipotoka, arudi na hela yake.