Je, mwenye nyumba awawekee wapangaji mashine ya kufulia?

Mwenye nyumba, Tabata
Ndugu wadau, nina nyumba nne za vyumba viwili viwili ndani ya uzio mmoja, na kila moja ina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, isipokuwa pampu ya kisima na taa za nje zinazotumia mita yangu. Mtu anayetaka kupanga ameniambia kwamba atalipa kodi ya miezi sita bila kuomba kupunguziwa, mradi nimwekee mashine ya kufulia. Je, huo ni wajibu wangu, au ajinunulie mwenyewe?

Mpangaji, Sinza
Wajibu wako ni maji, karo na kamba ya kuanikia. Nilipata kupanga mahali penye mashine moja ya wote, iliyounganishwa na mita ya pamoja. Kila yuniti zilipokwisha hakuna aliyekiri kufua sana, na lawama zote zilimwangukia jirani mwenye mtoto mchanga. Shauri lilifika hadi kwa mjumbe.

Fundi bomba
Kabla ya kuuliza nani anunue, tazama kama nyumba yenyewe inaifaa mashine. Simtanki likiwa juu ya mnara wa mita tatu tu, msukumo wa maji huwa mdogo, na mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe huchelewa kujaa au hugoma kabisa. Zile za matangi mawili, ambazo mtu huweza kuzijaza kwa ndoo, hazina shida hiyo. Halafu kuna kisima chako. Maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi, nayo hula vyuma, huku maji magumu yakiacha ukoko kwenye koili ya kupashia. Koili hiyo huweza kula kilowati mbili hivi, kwa hiyo soketi yake iwe na waya wake mnene. Maji ya sabuni nayo yaende shimoni, si uani kwa jirani, kama nilivyokwisha kuona mara kadhaa.

Mwenye nyumba, Mbezi
Mimi niliweka bomba, soketi na njia ya maji machafu, basi. Mpangaji huja na mashine yake na huondoka nayo, na ikiharibika sipigiwi simu usiku. Ukiamua kununua, mkataba useme wazi nani atalipia matengenezo.

Mwenye nyumba, Tabata
Nawashukuru. Nitaanza na nyumba hiyo moja, bomba lake nikiliunganisha na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, badala ya kisima, na mashine ataleta mwenyewe. Kama atataka kupunguziwa kodi, tutazungumza.