Stadi za tairi kukatika kwenye 4x4: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za leo. Naanza na langu. Nilitoka Mto wa Mbu kwenda Ngaresero na Prado 120. Siku moja kabla nilibadilisha tairi za nyuma mjini, kijana akakaza nati kwa gani ya upepo (mashine ya kukazia nati), nikalipa nikaondoka. Tulipoipita Engaruka, kwenye rasta (vijituta vya barabara ya vumbi), nikaanza kusikia tok tok tok nyuma kushoto. Nikajua ni bushi, nikaendelea. Hapo ndipo nilipokosea. Niliposimama, stadi mbili, yaani boliti zinazoshika tairi, zimekatika usawa wa habu (kitovu ambacho tairi hufungwa), nati nne zilizobaki nazungusha kwa vidole, na matundu ya rimu yamekuwa kama yai. Nyuma walikuwa wamekaa wanangu wawili. Nikakaza hizo nne, nikarudi Engaruka kwa spidi 20, nashuka kukagua kila baada ya kilomita mbili tatu. Wengine mlikutwa na nini?

*

Pole sana mkuu, shukuru watoto wako salama. Mimi ni fundi. Wengi husema stadi imekatwa na mzigo, lakini nyingi ninazotoa zilianza kwa nati kulegea. Nati ikikaza vizuri, rimu inabanwa kwenye habu na stadi inavutwa tu. Ikilegea, rimu inacheza na stadi inapindwa huku na huku kila tairi likizunguka, mpaka chuma kinachoka. Kukaza kupita kiasi nako kunaua: ukipanda kwa miguu juu ya wili spana yenye bomba, stadi inarefuka na nyuzi zinaharibika. Prado yako inataka 112 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na toki renchi, spana yenye kipimo hicho, ndiyo itakayokupa hiyo namba.

Usikubali kuchomelewa, nakuomba. Moto wa welding unaharibu ugumu wa stadi. Ya zamani inagongwa kwa nyundo itokee nyuma ya habu, mpya inaingia kwa nyuma, kisha unaivuta kwa washa kadhaa na nati ya zamani mpaka kichwa kikae. Na badilisha zote sita. Hizo nne zilibeba kazi ya wenzao, zimeshachoka hata kama kwa macho ni nzima.

*

Mimi tatizo lilikuwa nati. Niliweka spoti rimu za dukani nikabaki na nati za Toyota zenye washa bapa, wakati matundu ya rimu zile yanataka nati yenye ncha ya mteremko. Zilikuwa zinalegea kila wiki. Kabla ya kununua rimu, linganisha nati na tundu.

*

Natumia Land Cruiser Mkonga, stadi tano kila tairi, kwa hiyo ikikatika moja ni hasara kubwa kuliko kwenu. Niliwahi kupiga rimu rangi nzito mpaka pale zinapokalia habu. Rangi ikasagika njiani, nati zote zikalegea. Sasa napiga brashi ya waya habu na rimu, nakaza kwa kuvuka kama nyota, na baada ya kilomita 50 nasimama nakaza tena, hata kama ni usiku. Kwenye boksi la spana nina stadi nne na nati sita.

*

Ahsanteni wakuu. Zote sita zimebadilishwa. Je, ile rimu ya matundu ya yai naweza kuiweka spea?

*

Hapana mkuu. Hata spea usiiweke. Haitabana tena, itazikata na hizo mpya.