MJADALA: Sampuli za damu zizuiwe kutoka nchini mpaka tujue tutarudishiwa nini?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Tangu Mahakama Kuu ya Kenya isimamishe kwa muda, Desemba 2025, kipengele cha kupeleka taarifa za wagonjwa Marekani kwenye mkataba wa afya wa nchi hizo mbili, kila kijiwe kimepata mwanasheria wake. Wengi wanabishana kuhusu siri: jina la mgonjwa litaonekana au halitaonekana. Kwangu siri ni ya pili. Ya kwanza ni dawa itakayotoka kwenye sampuli za damu zinazopelekwa nje. Itakuwa mali ya nani, itakaa ghala gani, na aliyetoa damu ataipataje?

Chukueni Ebola ya Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Watu zaidi ya 300 waliugua, wengi wao wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatundikia wagonjwa 8 damu ya waliokwisha kupona. 7 kati yao wakapona. Wazungu wengi wakasema hiyo si sayansi, huenda wangepona tu. Miaka 11 baada ya mlipuko, mmoja wa manusura alitolewa damu, na sampuli ikaishia maabara za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani. Ndani yake wakapata kingamwili inayokibana kirusi barabara. Ndiyo ikawa ansuvimab, kwa jina la dukani Ebanga.

Kuijaribu nako kukarudi Kongo, kuanzia Novemba 2018: Beni, Butembo, Katwa, Mangina. Dawa nne zikapimwa kwa wagonjwa 681. Waliopewa ZMapp, moja ya hizo nne, karibu nusu walikufa. Waliopewa ansuvimab walikufa asilimia 35, na wale waliowahi, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa kama mmoja kati ya kumi. Kazi nzuri sana, sibishi. Haki ya kuitengeneza nayo ikaenda kwa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics, na Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya huko ikaipitisha. Miaka iliyofuata, madaktari wa MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakawa wanalalamika kwamba shehena kubwa ya dawa hizi za Ebola imehifadhiwa kwenye ghala la dharura la Marekani, nchi ambayo Ebola haijawahi kuwa ugonjwa wake.

Msimamo wangu: kichupa kisipande ndege kabla ya karatasi kusainiwa inayotaja bei ya dawa, haki ya kuitengeneza Afrika, na nafasi ya watafiti wetu. Yale maneno ya "tutashirikiana kwa nia njema" yafutwe kabisa.

MAMA MAABARA
Mleta mada umeandika vizuri ila unaongea kama mtu ambaye hajawahi kufungua friza ya nyuzi hasi 80. Niko kwenye kazi hii. Sampuli unayoidai inakaa kwenye kichupa cha mililita 2, kimeandikwa namba kwa kalamu ambayo wino wake unafutika ukikishika na glavu yenye ubaridi. Umeme ukikatika Ijumaa usiku na jenereta ikagoma, Jumatatu unakuta kisanduku kizima kimelowa. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulipoteza hivyo sampuli za mradi mzima, na hakuna mzungu aliyeziiba.

Halafu mnasema karatasi haipo. Ipo. Tanzania hutoi sampuli nje bila kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Swali ni nani anausoma ule mkataba. Mfadhili analeta kurasa ishirini zimeandikwa na mawakili wake, huku kwetu anazisoma mtafiti ambaye fedha za mradi zikichelewa hata vitendanishi, zile dawa za kupimia, hana. Unadhani atabishia kipengele cha hataza, yaani nani amiliki ugunduzi?

Na fomu ya ridhaa ndiyo kabisa. Kuna kisanduku kinasema damu itakayobaki "itatumika kwa tafiti nyingine zijazo". Nesi anakisoma haraka, mama ana mtoto mgongoni anawahi basi, anaweka dole gumba. Hapo ndipo mali inapohama, siyo uwanja wa ndege.

MBISHI WA KARIAKOO
Kwa hiyo miaka yote tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni letu.

KIMWERI
Hili jambo lilishajaribiwa, tusijifanye wa kwanza. Indonesia, mwishoni mwa 2006 kuingia 2007, iliacha kupeleka virusi vya mafua ya ndege kwenye maabara za WHO. Waziri wao wa afya, Siti Fadilah Supari, aligundua kwamba kampuni ya Australia inatengeneza chanjo kutokana na kirusi cha Indonesia, na chanjo hiyo Waindonesia wangeinunua kwa bei ambayo wasingeiweza. Akaitwa kila jina baya. Lakini mwaka 2011 nchi wanachama wa WHO zikakubaliana utaratibu: kampuni zinazotumia virusi hivyo zichangie fedha, na zitenge sehemu ya chanjo kwa nchi zisizo nacho.

Angalieni gharama yake lakini. Miaka minne na ushee. Muda wote huo waliokuwa wanakufa kwa mafua ya ndege wengi walikuwa Waindonesia wenyewe, na dunia ilikuwa inabahatisha kirusi kinabadilikaje. Na mwishowe walichokipata kinahusu mafua ya mlipuko tu. Ebola haimo.

KIJANA WA SEVA
Wazee wangu, mnagombania kichupa wakati mzigo umeshapita kwa njia nyingine. Tarehe 11 Januari 2020 wanasayansi wa China waliweka mtandaoni mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha Korona. Ni herufi elfu thelathini hivi, faili dogo kuliko picha ya harusi. Moderna hawakuhitaji damu ya mtu wa Wuhan. Walichukua herufi wakaanza kuunda chanjo. Machi 16 mtu wa kwanza kwenye majaribio akachomwa sindano. Forodha gani ingelizuia hilo faili?

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za vinasaba, ambayo watu hupenda kuitaja, iliandikwa kwa ajili ya mimea, wanyama na vijidudu. Damu ya binadamu haimo, na kuhusu data za vinasaba nchi zimekuwa zikivutana miaka.

Na walio wepesi kutoa taarifa hawakulipwa wema. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu aina mpya, Omicron. Ndani ya siku chache ndege zikafungiwa kusini mwa Afrika. Ningekuwa mimi waziri, data zingekaa kwenye seva zetu, na mtafiti wa nje angeleta programu yake iendeshwe humo humo, aondoke na majibu bila faili. Teknolojia hiyo ipo. Kinachokosekana ni bili ya umeme na mishahara ya vijana wa kuzitunza hizo seva.

MAMA MAABARA
@Kijana wa Seva, friza imetushinda, seva tutaiweza?

WA BUTEMBO
Bandugu, miye naandika kutoka Butembo. Munabishana vizuri lakini munabishana mukiwa wazima. Mwaka 2019 hapa kwetu watu walikuwa wanasema Ebola ni biashara ya watu wa riposti, wale waliokuja kupambana na mlipuko, na vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari. Hakuna aliyekuwa anauliza kampuni gani ina haki. Tulikuwa tunauliza: huyu akiingia pale, atatoka? Na walianza kutoka. Jirani yangu alitoka, mpaka leo anauza makala, mkaa munavyosema ninyi, sokoni.

Mleta mada, ungekuja na karatasi yako wakati ule ungetuambia nini? Tungoje mawakili?

Tena muongeze na hili: Profesa Muyembe mwenyewe mwaka 2019 alisema sampuli za Kongo sasa zitapimwa Kongo. Februari 2020 jengo jipya la taasisi yake, INRB, likafunguliwa Kinshasa, Wajapani wamelilipia. Ile ndiyo njia. Lakini aliyelilipia ni Mjapani.

MLETA MADA
Ndugu yangu wa Butembo, swali lako ni zito na nalijibu moja kwa moja: wakati wa mlipuko sampuli iende, siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema karatasi isainiwe kabla, wakati hakuna anayekufa. Mlipuko ukishaanza hatuna ubavu wa kubisha bei.

Na bei inaweza kuandikwa. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati inatokana na pakanga ya Wachina. Ni kazi iliyompa Tu Youyou Nobel mwaka 2015. Mwaka 2001 kampuni ya dawa ya Novartis na WHO waliandikiana kwamba Coartem, ndiyo dawa mseto hiyo, iuzwe bila faida kwa nchi zenye malaria. Kampuni kubwa, duka la faida, na bado sentensi hiyo iliingia kwenye mkataba. Kwa nini isiingie kwenye wa Ebola? Kwa sababu hakuna aliyeidai mapema.

Ule Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko wa WHO wa Mei 2025 unazungumzia asilimia 20 ya chanjo na dawa kupelekwa WHO mlipuko ukitokea, angalau nusu yake bure. Lakini kiambatisho cha namna ya kugawana virusi na faida, yaani nyama yenyewe, kiliachwa kijadiliwe baadaye. Wawakilishi wetu wako mezani. Nani humu anajua wanadai nini?

Dada Mama Maabara, wewe uliyeshika hiyo mikataba: tukitaka kuanzia sehemu moja, tuanzie wapi?

MAMA MAABARA
Kila mkataba niliowahi kuuona una aya inayosema sampuli zitakazobaki zirudishwe au ziteketezwe utafiti ukiisha, na anayepokea alete hati ya kuthibitisha. Sijawahi kuiona hiyo hati ikifika. Wala sijawahi kumsikia mtu akiidai. Barua moja ya kuiulizia haihitaji mfadhili wala jengo la Mjapani.

MBISHI WA KARIAKOO
Iandike basi wewe, sisi tutaisambaza.

MAMA MAABARA
Nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mdogo wangu. Atakayeandika awe na ajira ya kudumu.