Baba anasema "sijaua wala sijaiba, Mwokozi aniokoe na nini?" Nimjibuje?

MamaNeema:
Wapendwa, shalom. Naombeni mawazo yenu, jambo hili linaninyima usingizi.

Baba yangu ana miaka 78, yupo kijijini Kilimanjaro, figo zinamsumbua. Alikuwa na duka miaka mingi, na nimekua nikimwona akipima sukari: mizani ikishatulia anaongeza kijiko kimoja juu, "nisije nikampunja mtoto wa watu." Hanywi, hana deni la mtu. Jumapili iliyopita nikamgusia habari za kumpokea Yesu. Akanijibu taratibu kabisa: "Mwanangu, sijaua wala sijaiba. Huyo Mwokozi aniokoe na nini?" Nafundisha shule ya Jumapili kila wiki, lakini mbele ya baba yangu mzazi nilikosa la kusema.

Niseme na hili. Yeye na baba mdogo hawasalimiani tangu 2006, ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Pale nyumbani halitajwi.

Mpanzi_77:
Dada, Warumi 3:23, wote wamefanya dhambi. Msomee, mwombee, mengine mwachie Roho Mtakatifu.

KatekistaMstaafu:
Mpanzi hajakosea, ila mzee wa miaka 78 ukimwanzia na "wewe ni mwenye dhambi" atasikia mwanawe anamwita mwizi. Anzia Mwanzo 3. Wengi tunakumbuka tunda tu, kumbe utamu uko mbele. Adamu amejificha, Mungu ndiye anayemtafuta na kumwuliza yuko wapi. Adamu anamsukumia mkewe, mke anamsukumia nyoka. Na palepale, hata hawajatolewa bustanini, ahadi inatoka (3:15): uzao wa mwanamke utamponda nyoka kichwa. Irenaeus, askofu wa karne ya 2, tayari aliisoma aya hiyo kama habari za Kristo. Geuza ukurasa, sura ya 4, ndugu anamuua ndugu shambani.

Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba dhambi ya asili ndani yetu ni hali tuliyozaliwa nayo, hatukuitenda wenyewe. Mzee anakujibu kuhusu matendo yake. Wewe zungumza naye kuhusu hiyo hali.

Abu_Swaleh:
Pole kwa mzee, Mungu amponye. Mimi ni Mwislamu, naomba niulize kwa heshima. Kwetu Adam alitubu na Mola akaipokea toba yake, Suratul Baqara aya ya 37, na hakuna abebaye mzigo wa mwenzake. Kwa nini kwenu Mungu asisamehe tu, mpaka damu imwagike?

KatekistaMstaafu:
Ahsante kwa swali, ndugu yangu. Soma Walawi 16. Kila mwaka mbuzi mmoja anachinjwa, wa pili kuhani mkuu anamwekea mikono kichwani, anaungama dhambi za watu juu yake, kisha anapelekwa nyikani. Mwaka ukizunguka, tena. Waebrania 10 inasema kurudia kule kulikuwa kunakumbusha dhambi tu, maana damu ya wanyama haiwezi kuiondoa. Sisi tunaamini msamaha una gharama, na anayesamehe ndiye anayeibeba. Ukimsamehe mtu deni la laki tano, hiyo laki tano imetoka mfukoni mwako. Hapa tunatofautiana kweli, siwezi kukuficha.

Binti_Uru:
MamaNeema, wewe si wa kwetu Uchagani? Umesahau isale, lile jani la mmea tunaopanda mipakani, la kuombea msamaha? Aliyekosa akitaka kupatana anapeleka isale, mara nyingi kwa mkono wa mzee anayeheshimika, na aliyeletewa hawezi kulikataa. Mwulize baba: mtu akikosana na Muumba wake, isale atampa nani apeleke? Ayubu alililia hilohilo (9:33), kwamba hakuna wa kusimama katikati na kuwawekea mikono wote wawili. Imani yetu inasema aliyekosewa ndiye aliyetuletea isale, mkononi mwa Mwanawe. Ukishasema hivyo, dada, nyamaza. Usimhubirie.

MamaNeema:
Nimerudi. Jumamosi nilimkuta barazani, miguu imevimba, nikampa uji. Nikamchokoza kuhusu isale, akanieleza mwenyewe kwa kirefu, nani hupeleka, nani hupokea. Ndipo nikamwambia lile la aliyekosewa kulileta. Alishika kikombe mpaka uji ukafanya utando juu. Akasema, "Hilo sijapata kuliona. Aliyekosewa hapeleki isale." Nikasema ndiyo baba, hapeleki. Sikuongeza neno.

Jioni naaga, akaniuliza kama masale ya mpakani kwa baba mdogo bado yapo au yameng'olewa. Nikamwambia yapo, yamekuwa marefu. Akasema wiki ijayo nije na Biblia ya maandishi makubwa, na nije asubuhi jua halijawa kali, maana kuna mahali anataka tufike na miguu yake haimpeleki peke yake.