Elfu kumi kampa dereva wa bajaji MBELE YANGU, mimi mpiga picha wake naambiwa "nitakucheki"

Wakuu naandika nikiwa bado nina mchanga wa Coco kwenye viatu na mikono inatetemeka kwa hasira, herufi zikiruka mnisamehe.

Huyu dada mnamjua. Simtaji, ila mnamjua, yule ambaye hata akinunua vitunguu lazima aposti, kicheko chake akiwa Oysterbay watu wa Kigamboni wanageuka.

Tumeongea WhatsApp wiki nzima. Picha za besdei, Coco Beach, saa kumi na mbili asubuhi, nguo mbili, picha kumi na tano zilizoeditiwa, elfu themanini, advansi ishirini. Yeye alitaka jua linazama baharini, nikamwelewesha taratibu kabisa, dada yangu Coco bahari iko mashariki, jua linatokea majini asubuhi, jioni linazama nyuma yako huko Ubungo, ukitaka machweo ya baharini panda boti nenda Forodhani Zanzibar. Akasema sawa kaka, asubuhi basi.

Nimetoka Mbagala saa kumi alfajiri na mdogo wangu kanibebea rifleta, ile ya kumrudishia mtu mwanga usoni. Kumi na mbili tupo. Jua likatoka pale majini jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, mwanga laini wa kumpaka mtu usoni bila hata filta, na hakuna wa kusimama mbele yake. Kafika saa nne na robo. Saa nne na robo! Bajaji mbili, mashosti watano, mabegi kama wanahamia Dodoma.

Mpiga picha yeyote hapa anajua jua la saa nne Dar linamfanya nini mtu. Macho yanakuwa mashimo, kivuli cha pua kinafika mdomoni, paji la uso linang'aa kama kikaango. Nikamtafutia kivuli cha mti, nikafungua rifleta upande mweupe, dogo kashika mpaka mkono ukafa ganzi. Nguo mbili zikawa sita, kila akibadilisha mashosti wanamzungushia khanga dakika ishirini wanacheka humo ndani. Katikati wakaagiza mihogo, kala, halafu na vidole vyake vya mafuta na pilipili kaikamata rifleta yangu ati inamchoma macho. Alama tano hizi hapa naziangalia, nimefua na sabuni ya unga zimegoma.

Hayo yote nilivumilia, kazi ni kazi.

Sasa sikilizeni. Tumemaliza, nafunika lensi, kamwita dereva wa bajaji aliyekuwa kalala zake miguu nje. "Kaka hebu nipige na mimi kwa simu." Dereva kaja na usingizi machoni, kabonyeza mara mbili, ya kwanza kidole chake kimo. Dada kaangalia simu kapiga kigelegele. "Heee! Hii ndo picha sasa! Hii ndo PICHA!" Kafungua pochi kachomoa mwekundu wa Msimbazi kampa pale pale. Kisha kanigeukia mimi ninayemdai elfu sitini: "Wewe nitakucheki. Na zile zote nitumie leo leo hata ambazo hujaediti, kwani unaziediti za nini?"

Elfu kumi. Kubonyeza mara mbili. Na kidole kimo!

Mchana naingia WhatsApp, profaili mpya ni ile ya bajaji. Simu imelazimisha ukungu wa nyuma, imefyeka sikio la kushoto na hereni yake, kilemba kimeyeyukia kwenye mti. Na stetasi juu: "Asante kaka wa bajaji una jicho la dhahabu." Mimi niliyeamka saa tisa usiku sina jicho.

Kachumbari Kavu:
Mkuu tupia namba ya huyo dereva, nina kipaimara cha mtoto Jumapili.

Mzee wa Stendi:
Kosa lako. Hela yote kwanza ndo unafungua begi, hata kama mteja ni mchungaji wako. Ukishamaliza kupiga wewe huna thamani tena, thamani ipo kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mwanzisha uzi:
Advansi nilichukua, imeisha kwa nauli na posho ya dogo. Lakini mkuu hela sio ndo inaniuma. Kutoa kumi PALE PALE, mbele ya mdogo wangu ambaye namfundisha hii kazi. Kwenye daladala kaniuliza, "Kaka, kwani ile ya simu ilikuwa nzuri kuliko zetu?" Ningemjibu nini? Nimekaa kimya mpaka Rangi Tatu.

Shombo la Feri:
Weka zote mbili hapa tupige kura.

Mwanzisha uzi:
Siweki. Uso wa mteja siutoi bila ruhusa yake hata kama kanitenda hivi.

Shombo la Feri:
Basi bajaji kashinda.

Mama Sufuria:
Jamani huyo ni YEYE, namjua! Mimi nilimpikia keki ya ngazi tatu, siku ya kulipa ananiambia nipunguze nusu kwa sababu kipande alichokula yeye hakikuwa na sukari. Kipande kimoja! Wenzake wamekula mpaka wamekwangua ubao. Hiyo "nitakucheki" yake nina ya tangu Pasaka.

Kiti cha Nyuma:
Mnalia na wateja, walinzi je? Juzi nipo Posta nampiga binti wa mahafali na joho lake, kamera haijafika hata jichoni mlinzi huyo, "kibali kiko wapi?" Pembeni yangu dogo anarekodi kwa simu toka asubuhi, kila ghorofa kamaliza, haulizwi. Ukiwa na lensi ndefu wewe ni jasusi, ukiwa na simu wewe ni mwananchi.

Mzee wa Stendi:
Hao wanataka ya soda tu.

Kiti cha Nyuma:
Soda gani ya elfu ishirini?

Wakili wa Kijiweni:
Mleta uzi zile ambazo hujaediti USIMPE. Picha ni kazi inayolindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya mambo kama haya. Mlikubaliana kumi na tano, mpe kumi na tano akishalipa.

Kachumbari Kavu:
COSOTA kwa elfu sitini 😂 ataanza kusimuliaje? "Mheshimiwa, alikuwepo dereva wa bajaji..."

Mwanzisha uzi:
Cheka tu. Ningekuwa nimeshindwa na mpiga picha mwenzangu ningekubali. Mtu kaamshwa usingizini! Kidole kimo kwenye picha! Na hakumgeuza hata dada jua likae nyuma yake, kampiga jua la uso kafumba jicho moja. Anapewa kumi anapigiwa kigelegele. Mie sijaambiwa hata pole na jua.

Bibi Uzi na Sindano:
Wapiga picha nanyi punguzeni, mnatuletea picha baada ya miezi mitatu. Send-off ya binti yangu, mtu kanipa picha mjukuu kashaanza kukaa.

Kiti cha Nyuma:
Mama huyo sio mpiga picha ni mganga.

Bibi Uzi na Sindano:
Na wa mekapu je? Bibi harusi yuko ukumbini yeye yuko foleni ya Mwenge anasema "nipo hapo kwenye kona".

Mama Sufuria:
Wote hao cha mtoto, mafundi nguo ndo wamelaaniwa. Nimepeleka kitambaa mwezi mzima kabla ya Idd, siku ya sikukuu naenda nakuta bado hakijakatwa, kimefunikiwa chapati.

Fundi Mkasi:
Mama nimenyamaza sana. Mnaleta mita mbili mnataka gauni la mkia na mikono ya puto kama la kwenye picha, na mabaki mnataka yatoke kilemba. Puto la mita mbili linashonwaje?

Mama Sufuria:
Mlikata mkaficha!

Fundi Mkasi:
Nifiche nivae wapi?

Mwanzisha uzi:
Wakuu turudi kwenye mada jamani. ELFU KUMI. Na sasa hivi kanitumia ujumbe, "Kaka mambo, zile picha vipi, tunasubiri." TUNASUBIRI.

Bibi Uzi na Sindano:
Fundi uko wapi? Nina vitenge vyangu vitatu.

Fundi Mkasi:
Tandika sokoni mama. Njoo na mita nne.

Shombo la Feri:
Samahani natoka nje ya mada, nauza lensi 50mm ya 1.8, laki mbili na nusu.

Kiti cha Nyuma:
Ina fangasi?

Shombo la Feri:
Safi kabisa, inalala kwenye ndoo ya mchele.

Kiti cha Nyuma:
Mwisho ngapi?